Zamu za Nyakalengija: Siasa za Dunia na Upangaji wa Wafanyakazi Wilayani Kasese

Nyakalengija ni kijiji kilichomo katika bonde la mto Mubuku, yapata kilomita 22 kutoka mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na kwa wapanda milima ndicho lango la Njia ya Kati ya Rwenzori, mlima ambao kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Kwa wenyeji wa bonde hilo, ambao wengi wao ni Wakonzo, Nyakalengija ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa mandhari. Hapo ndipo yalipo makao ya Rwenzori Mountaineering Services, shirika la kijamii lililoanzishwa mwaka 1987, ambalo waongozaji na wapagazi wake hupanda mlima kwa zamu, kila mmoja akisubiri jina lake lifikiwe. Wingi wa zamu hizo hauamuliwi bondeni. Huamuliwa Kampala, Kinshasa, London na Washington, na mara nyingine huamuliwa msituni ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na watu wasioijua hata njia ya kufika Nyakalengija.

Wataalamu huita mambo hayo siasa za kijiografia, yaani namna mataifa yanavyoshindana na kushirikiana kwa kuzingatia mahali yalipo, mipaka yao, njia zao za biashara na mali iliyo chini ya ardhi yao. Katika miaka ya karibuni suala hilo limeingia katika vikao vya wakuu wa rasilimali watu, ambao zamani waliitwa maofisa utumishi na ambao kazi yao ilikuwa kutunza majalada, likizo na mishahara. Siku hizi wanatakiwa kuwa na mkakati wa nguvukazi, yaani majibu yaliyotayarishwa mapema kwa maswali manne: watu wangapi watahitajika, wawe na ujuzi gani, wakae wapi, na walipwe kwa fedha ya nani. Vitabu vingi vinavyoeleza mkakati huo vimeandikwa kwa ajili ya makampuni yenye matawi katika nchi kadhaa, kana kwamba misukosuko ya mataifa ni jambo jipya lililoanza na vita vya Ukraine au ushuru wa Marekani. Wilaya ya Kasese, inayopakana na Kongo kwa milima na kwa mto, imeishi na misukosuko hiyo tangu kabla ya uhuru, na historia ya ajira zake inaonyesha jambo ambalo vitabu hivyo hulipita haraka, nalo ni kwamba ujuzi wa watu hustahimili tufani ya siasa pale tu unapokuwa na kazi ya pili ya kufanya wakati kazi ya kwanza imesimama.

Mlima uliofungwa

Ujuzi wa wapagazi wa Rwenzori ni wa zamani. Mwaka 1906, wakati mwanamfalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alipofika Margherita, mizigo yake ilibebwa hadi kwenye pango la Bujongolo na juu zaidi na Wakonzo waliozoea baridi na matope ya mlima huo. Katika karne iliyofuata mlima ulipitia mengi. Mwaka 1962, mwaka uleule Uganda ilipopata uhuru, vuguvugu la Rwenzururu lilijitangazia utawala wake katika milima hiyo likidai kujitenga na ufalme wa Toro, na mapatano hayakupatikana hadi mwaka 1982. Lakini pigo lililofaa kuchunguzwa kwa karibu na mtu anayepanga wafanyakazi lilikuja baadaye.

Mwezi Novemba mwaka 1996 waasi wa Uganda wa kundi la ADF waliushambulia mji wa mpakani wa Mpondwe, karibu na Bwera. Shambulio hilo halikuwa la bahati mbaya kwa wakati wake. Serikali ya Mobutu huko Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilikuwa ikiporomoka, eneo la mashariki la nchi hiyo lilikuwa halina mwenyewe, na kundi lolote lililokuwa na ugomvi na Kampala liliweza kupata maficho huko. Waasi hao waliingia milimani, maelfu ya wakazi wa miteremko wakahamia kambini, na mwaka 1997 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, ikafungwa. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuondolewa humo hadi mwaka 2004. Mlima wenyewe ulifunguliwa tena mwaka 2001.

Miaka minne bila mgeni hata mmoja ni muda wa kutosha kuua biashara yoyote. Kampuni ya kawaida ingewaachisha watu kazi katika mwezi wa tatu, na baada ya mwaka mmoja isingejua walipo. Hata hivyo hifadhi ilipofunguliwa, shirika la Nyakalengija lilirudi kazini likiwa na watu waliojua mahali pa kukanyaga katika kinamasi cha Bigo, mahali pa kuvuka mto Mubuku maji yanapojaa, na dalili za mtu anayeanza kuugua kwa sababu ya mwinuko kabla hajafika kibanda cha Elena, kilicho juu ya mita 4,500. Hakukuwa na mfuko wa dharura wala sera iliyoandikwa iliyowatunza. Kilichowatunza ni kwamba upagazi haukuwahi kuwa kazi yao ya pekee. Mpagazi wa Nyakalengija ni mkulima wa muhogo, maharagwe na kahawa anayepanda mlima zamu yake inapofika, na ujuzi wake wa mlima ni mali ya ukoo kabla ya kuwa mali ya mwajiri, kwa kuwa mtoto huupata kwa baba, mjomba au kaka. Mlima ulipofungwa, zamu zilikatika na kipato kikaanguka vibaya, lakini watu hawakutawanyika mbali, na walichokijua hakikwenda popote.

Mfumo wa zamu wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini, maana ndio unaobeba siri hiyo. Siku ya safari mizigo hupangwa na kupimwa kwenye mizani, wapagazi wakiwa wamevaa gambuti, kiatu pekee kinachofaa katika matope ya Rwenzori, na kila mmoja akiwa na unga wake wa muhogo wa kupikia obundu, yaani ugali, huko juu. Mgeni mmoja huhitaji wapagazi wawili au zaidi, kwa sababu safari ya kuzunguka Njia ya Kati huchukua takriban siku saba na vyakula, kuni au mafuta, na vifaa vyote hubebwa mgongoni. Kazi ikigawanywa kwa watu wengi kwa kidogokidogo, hakuna anayetajirika, na mtu hodari husubiri sawasawa na mzembe. Mtaalamu wa rasilimali watu aliyefundishwa kutuza ufanisi angeukosoa mfumo huo mara moja, na ukosoaji wake usingekuwa wa bure: mwongozaji mwenye kipaji anayesubiri zamu kwa wiki kadhaa ana sababu ya kutafuta mwajiri mwingine, hasa tangu kampuni ya Rwenzori Trekking Services ilipofungua njia ya pili kupitia Kilembe na kuvunja ukiritimba wa Nyakalengija. Lakini zamu hufanya jambo ambalo tuzo ya ufanisi hailifanyi. Huweka watu wengi katika hali ya kuwa tayari, kila mmoja akipanda mara chache bila kusahau njia, kwa hiyo wageni wakiongezeka ghafla wapo wa kuwapokea, na wakikoma hakuna kaya inayotegemea mlima peke yake. Ni bima inayolipiwa kwa ufanisi, na katika nchi ya mpakani bei hiyo si kubwa.

Jinsi habari za mbali zinavyofuta zamu ya mtu bondeni inaweza kuonekana katika matukio ya mwaka 2023. Mwezi Juni waasi wa ADF walivuka mpaka na kuishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, wakaua watu 42, wengi wao wanafunzi. Mwezi Oktoba waliwaua watalii wawili na mwongozaji wao Mganda ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, katika wilaya hiyohiyo ya Kasese. Serikali ya Uingereza ikawashauri raia wake wasiende Queen Elizabeth isipokuwa kwa jambo la lazima. Ushauri kama huo hauna nguvu ya sheria, na hakuna anayekamatwa kwa kuupuuza, lakini bima nyingi za safari hupoteza uhalali mtalii anapokwenda mahali ambapo serikali yake imemwonya asiende, na wakala wa utalii wa Ulaya hawezi kumpeleka mteja asiye na bima. Mstari mmoja uliobadilishwa katika tovuti ya wizara ya London huwa barua ya kughairi iliyofika Kampala, kisha huwa jina lisiloitwa Nyakalengija. Queen Elizabeth si Rwenzori, lakini mteja aliyeko ng'ambo haoni kilomita chache kati ya hifadhi mbili za wilaya moja. Mkuu wa rasilimali watu wa hoteli au kampuni ya utalii katika ukanda huu asiyesoma ushauri wa safari kila wiki anapanga wafanyakazi wake gizani.

Mgodi uliolala

Upande wa pili wa mji wa Kasese, katika bonde la Nyamwamba, upo mfano wa kinyume. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956 chini ya kampuni ya Falconbridge ya Kanada, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, na shaba yake ilisafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja kwa umeme wa maporomoko ya Owen. Katika miaka ya 1960 shaba ilifuata kahawa na pamba miongoni mwa bidhaa kuu za Uganda za kuuza nje. Kilembe ulikuwa mji kamili wa kampuni, wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule, na watu walikuja kufanya kazi hapo kutoka pembe zote za Uganda, kutoka Rwanda, Kenya na Kongo. Kwa viwango vya wakati ule, huo ulikuwa uongozi wa wafanyakazi wa hali ya juu: mtu alipewa kazi, nyumba, matibabu na shule ya watoto, na kwa malipo hayo yote hakuwa na haja ya kitu kingine nje ya lango la kampuni.

Kisha siasa zikabadilika, na zikabadilika katika ngazi kadhaa kwa wakati mmoja. Vita vya kiuchumi vya Idi Amin, vilivyoanza kwa kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viliwatia hofu wawekezaji na wataalamu wa kigeni. Bei ya shaba duniani ilianguka baada ya mwaka 1974. Falconbridge iliondoka, mgodi ukabaki mikononi mwa serikali, na mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, ikiacha reli na njia ya kwenda bandarini katika mzozo. Mwaka 1982 uchimbaji ulisimama.

Watu wa Kilembe hawakuweza kufanya kama wapagazi wa Nyakalengija walivyofanya baadaye. Mchimbaji wa chini ya ardhi hana matumizi ya ujuzi wake juu ya ardhi. Anajua kupasua mwamba kwa baruti, kuegemeza paa la handaki na kusikia sauti ya jiwe linalotaka kuanguka, na hakuna shamba linalohitaji maarifa hayo. Wengi walikuwa wageni wa wilaya, na nyumba walizokaa zilikuwa za mwajiri, kwa hiyo mshahara ulipokatika hapakuwa na sababu ya kubaki. Umma huo wa mafundi ulirudi makwao na kuzeeka. Hazina ya shaba ilibaki mlimani bila kupungua, huku hazina ya watu ikiyeyuka, na hii ya pili ndiyo ghali zaidi kuirudisha.

Sehemu moja ya Kilembe haikufa kamwe, nayo inathibitisha hoja. Kampuni ya mgodi ilikuwa imejenga kituo cha umeme wa maji cha megawati 5, Mubuku I, kwenye mto uleule unaoteremka kutoka Nyakalengija. Mgodi uliposimama, umeme ulipata mnunuzi mwingine, kwa kuwa gridi ya taifa inahitaji umeme hata kama shaba haichimbwi, na mafundi wa mitambo na wa umeme wakaendelea kuwa na kazi. Vituo vingine vilijengwa baadaye kwenye mto huohuo. Ufundi wa umeme ulikuwa na kazi ya pili, uchimbaji haukuwa nayo, na tofauti ya hatima zao haikutokana na bidii wala elimu ya wahusika.

Majaribio ya baadaye yalisisitiza jambo hilohilo. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kutoa kobalti kutoka katika mlundo wa mabaki yaliyoachwa na mgodi, kwa kutumia bakteria wanaokula madini ya pairiti na kuyeyusha kobalti iliyofungwa ndani yake, teknolojia iliyohitaji wanakemia na wanabiolojia badala ya wachimbaji. Ilifanya kazi kwa muda wa miaka kama 14, kisha ikasimamisha uzalishaji. Mwaka 2013 serikali iliwapa Wachina wa Tibet Hima Mining mgodi wenyewe kwa mkataba wa miaka 25, ukavunjwa mwaka 2017. Kila mara mwajiri mpya alikuja na watu wake wakuu kutoka nje, akaajiri wenyeji katika ngazi za chini, na alipoondoka aliacha majengo bila kikosi cha wajuzi.

Bwera, mahali serikali mbili zinapokutana

Ukishuka kutoka Kasese kuelekea kusini-magharibi unafika Bwera na mpaka wa Mpondwe, na hapa nguvukazi hupangwa kwa kalenda ya soko. Siku za Jumanne na Ijumaa maelfu ya watu huvuka daraja la mto Lhubiriha kwenda na kurudi kutoka Kasindi, wakiwemo wachuuzi, wachukuzi, waendesha bodaboda, wabadilishaji fedha na mawakala wa forodha, yaani watu wanaomwandalia mfanyabiashara nyaraka za kodi na kumpitishia mzigo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa lugha na ukoo mmoja waliogawanywa na mistari ya wakoloni, kwa hiyo mfanyakazi wa Bwera mara nyingi ana shangazi Beni na mteja Butembo. Kongo ilipojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai mwaka 2022, karatasi zilianza kufuata kile ambacho miguu ilikuwa ikifanya siku zote.

Mabadiliko hayo yamegeuza sifa za kuajiriwa. Mwaka 2021 Rais Museveni wa Uganda na Rais Tshisekedi wa Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara kutoka Kasindi hadi Beni na Butembo, na mwishoni mwa mwaka huohuo majeshi ya nchi hizo mbili yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya ADF iliyopewa jina la Shujaa. Mji wa mpakani wa Bunagana ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Juni mwaka 2022, na Goma mwezi Januari mwaka 2025, mfanyabiashara aliyetaka kufikisha saruji au mafuta ya kupikia Kivu ya Kaskazini alikuwa na sababu zaidi ya kuitazama njia ya Mpondwe. Kampuni ya usafirishaji inayoajiri karani wa mpakani sasa humtaka mtu anayesoma hati ya forodha ya Kifaransa, anayeandika ripoti kwa Kiingereza, na anayeweza kuelewana kwa Kiswahili na dereva kutoka Mombasa na mnunuzi kutoka Butembo. Vijana wengi wa Bwera wana lugha mbili au tatu kati ya hizo bila cheti chochote, na waajiri wanaoendelea kudai vyeti kabla ya kumsikia mtu akizungumza wanajinyima wafanyakazi bora walio mlangoni mwao.

Mfano mzuri kuliko yote wa upangaji wa nguvukazi katika wilaya hii, hata hivyo, haukutoka katika biashara bali katika afya. Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola mashariki mwa nchi mwezi Agosti mwaka 2018. Uganda haikungoja. Tangu Novemba mwaka huo ilianza kuwachanja wahudumu wa afya katika wilaya zilizo hatarini, na kufikia katikati ya mwaka 2019 takriban wahudumu 4,700 katika vituo zaidi ya 160 walikuwa wamepata chanjo, wakati nchini hakujaonekana mgonjwa hata mmoja. Wauguzi walifundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, zoezi linaloonekana dogo lakini ambalo kosa lake katika kuvua ndilo limewaua wahudumu wengi katika milipuko ya awali, na kitengo cha kutibu Ebola kikatayarishwa katika hospitali ya Bwera. Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Kongo, akapelekwa hospitali ya Kagando na kuhamishiwa Bwera, alikuwa na ugonjwa huo. Wagonjwa watatu wa familia hiyo walifariki. Ugonjwa haukuenea, na hakuna mhudumu wa Uganda aliyeambukizwa.

Kwa jicho la rasilimali watu, kilichofanyika ni kuwekeza katika watu miezi kadhaa kabla ya haja, kwa kusoma habari za nchi jirani kana kwamba ni habari za nyumbani. Uwekezaji huo ulikuwa na kazi ya pili pia, kwa sababu muuguzi aliyefundishwa kujikinga na Ebola alikuwa ameshajua nusu ya aliyotakiwa kujua Covid ilipokuja mwaka uliofuata.

Udhaifu wa mfumo huohuo ulifichuka tarehe 20 Januari 2025, siku ambayo Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi mwezi Julai mwaka huo. Kote Uganda wahudumu wa VVU na kifua kikuu, wachambuzi wa takwimu, madereva na washauri nasaha waliokuwa wakilipwa kupitia miradi ya Marekani walikuta mikataba yao imesimama, na Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za pekee za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Hapa swali la nne la mkakati, lile la fedha ya nani, lilijibu yote matatu ya kwanza. Hospitali iliyokuwa ikihesabu watumishi wake kwa vichwa iligundua kwamba ilipaswa kuwahesabu kwa mlipaji: nani yuko katika orodha ya mishahara ya serikali kupitia tume ya utumishi ya wilaya, na nani anaishi kwa bajeti inayopitishwa na bunge la nchi nyingine. Orodha ya namna hiyo huandikwa kwa nusu siku, na ni ajabu kwamba taasisi nyingi zilikuwa hazijaiandika kabla ya mwaka 2025.

Wanaoondoka na wanaohesabu miti

Hali ya kimataifa pia huwatoa watu wilayani. Vita vya Marekani nchini Iraki vilifungua soko la walinzi Waganda tangu katikati ya miaka ya 2000, na makubaliano ya mwaka 2017 kati ya Uganda na Saudi Arabia yaliweka utaratibu wa kuwapeleka wafanyakazi wa nyumbani. Kazi hizo za ng'ambo, ambazo Waganda huziita kyeyo, huwavuta askari wastaafu, wauguzi na hata walimu. Mwajiri wa Kasese anaposhangaa kwa nini mlinzi au mpishi wake ameacha kazi bila taarifa, mara nyingi mshindani wake si mwenye hoteli wa mtaa wa pili bali wakala wa ajira aliyeko Kampala.

Kahawa nayo imeleta kazi ambayo haikuwepo. Miteremko ya Rwenzori hukuza kahawa ya arabika, ambayo sehemu kubwa yake huuzwa Ulaya, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji wa misitu inamtaka muuzaji aonyeshe kwa vipimo vya setilaiti shamba hasa ambako kahawa ilikua. Vijana wenye simu wakafundishwa kutembea shamba kwa shamba wakirekodi mipaka. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, na mamlaka ya kahawa iliyokuwa ikisimamia usajili wa wakulima ikaunganishwa na Wizara ya Kilimo mwishoni mwa mwaka 2024. Ushirika uliowaajiri vijana hao kwa ajili ya sheria pekee umebaki na watu wasio na shughuli, tofauti na ushirika uliowapa pia kazi ya ugani, yaani kumwonyesha mkulima namna ya kupogoa na kukausha, ambao bado unawahitaji.

Sasa Kilembe inaelekea kuamshwa tena. Kobalti inayohitajika katika betri za magari imekuwa kiini cha ushindani kati ya Marekani na China, na Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilisimamisha mauzo yake ya nje mwezi Februari mwaka 2025 kabla ya kuweka viwango maalumu mwezi Oktoba. Akiba ndogo iliyo nje ya Kongo imepanda thamani, na serikali ya Uganda imeuchagua muungano wa Sarrai Group na Nile Fibreboard kuufufua mgodi. Sarrai hiyohiyo ni miongoni mwa walionunua kiwanda cha saruji cha Hima, kilichomo ndani ya wilaya ya Kasese, wakati kampuni ya Uswisi ya Holcim ilipoamua kuondoka Uganda, ununuzi uliokamilika mwaka 2024.

Mgodi, basi, utakuwa na mwajiri mwenye kiwanda kingine katika wilaya hiyohiyo, na nafasi hiyo ina thamani ikiwa itatumiwa katika kuandika mikataba na si katika kuchora ramani za uwekezaji tu. Fundi wa mitambo, fundi umeme, mchomeleaji na dereva wa magari makubwa wanaweza kuajiriwa kwa pamoja na viwili hivyo, wakapelekwa Hima bei ya shaba inapoanguka na kurudishwa Kilembe inapopanda. Wachimbaji wa handaki hawawezi kuhamishwa hivyo, kwa kuwa Hima huchimba chokaa juu ya ardhi. Kwao patahitajika jambo jingine: kuwaajiri kutoka vijiji vya wilaya wanakobaki na mashamba, kuwaacha wajenge nyumba zao wenyewe badala ya kuwaweka katika nyumba za kampuni, na kuwatafuta wazee wachache wa Kilembe walioko hai wawafundishe kabla handaki la kwanza halijafunguliwa.